Usiuze simsim yote: kila mafuta ya shamba letu yana kazi yake

Kila mwaka simsim ikishavunwa, malori huanza kuonekana Hindi, Witu na Mpeketoni, huku kwetu kaunti ya Lamu, na bei hutajwa na mnunuzi. Mkulima aliyepanda na kupalilia hupokea hela ya gunia, kisha jioni hiyo hiyo hupita dukani kununua mafuta ya kupikia ya mtungi, ambayo aghalabu ni ya mawese yaliyotoka Malaysia au Indonesia. Jambo hili huniuma kila msimu. Sisemi usiuze, maana karo haingoji. Nasema usiuze yote. Bakisha gunia moja au mawili, uongeze na nazi za mnazi wako mwenyewe, na ujue cha kufanya nazo.

Mimi hukamua simsim na nazi hapa Lamu, na hutengeneza sabuni. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mafuta gani ni bora? Mtu akiniuliza hivyo, nami humuuliza anayatakia kazi gani. Anayetaka kupaka mlango, anayetaka kuoshea nguo na anayetaka kukaangia samaki hawahitaji chupa moja.

Kitu cha kwanza kujua kuhusu mafuta ya mimea ni kwamba mengine hukauka na mengine hayakauki. Sizungumzii kukauka kwa maji. Mafuta ya kitani, yale ambayo maduka ya vifaa huyaita linsidi, ukiyapaka kwenye ubao, yanavuta oksijeni kutoka hewani, na chembe zake zinashikana moja kwa moja mpaka yanakuwa ngozi ngumu. Mafuta ya nazi hayafanyi hivyo hata ukiyaacha mwaka mzima, kwa sababu karibu asilimia 90 yake ni mafuta yaliyoshiba, hayana nafasi ya kupokea hewa. Simsim iko katikati: hewa inaipata, lakini taratibu, nayo huishia kunata tu. Hilo ukilishika, mengine yote yanafuata.

Nianze na simsim, kwa kuwa ndiyo mali ya mashamba yetu ya upande wa bara wa Lamu. Punje yake karibu nusu ni mafuta. Uharibifu mwingi hutokea shambani kabla hata ya kufika kwenye mashine. Vifuko vya chini hukomaa kwanza, na vikikauka hupasuka vyenyewe, punje zikamwagika. Ukingoja mpaka mche wote ukauke, umewalisha ndege. Kata pale vifuko vya chini vinapogeuka manjano, funga miganda, isimamishe juu ya turubali vichwa vikiangalia juu, na ikishakauka igeuze uikung'ute. Turubali si anasa. Simsim iliyopurwa chini huja na mchanga, na mchanga hula parafujo ya mashine na kuchafua mafuta. Mnunuzi wa lori naye hukukata bei kwa mchanga huo huo, kwa hiyo gharama ya turubali unairudisha hata kama hukamui chochote.

Pepeta, chekecha, kisha uanike tena kabla ya kukamua. Punje yenye unyevu hutoa mafuta machafu. Mashine ndogo ya kukamua haitatoa mafuta yote yaliyomo; mengine yanabaki kwenye mashudu, yaani makapi ya punje zilizokamuliwa, na hiyo si hasara, nitaeleza mbele. Yaache mafuta yatuame siku chache kwenye chombo kilichofunikwa, kisha uchuje kwa kitambaa kizito na kikavu kabisa. Tone la maji kwenye chupa ndilo linalofupisha maisha ya mafuta. Jua nalo ni adui, kwa hiyo tumia chupa za rangi, uzijaze mpaka shingoni, uziweke gizani. Usitumie sufuria ya shaba hata ikipendeza vipi, maana shaba huharakisha mafuta kuchacha. Kwa bahati simsim ina vitu vyake vya asili vinavyoizuia isichache haraka, ndiyo maana mafuta yake hudumu kuliko mengi ya jamii yake.

Jikoni nayatumia kwa mchicha, kwa samaki wa kupaka kabla ya kuwekwa motoni, na kwa mkate. Ukikaanga punje kabla ya kukamua utapata harufu kali na rangi ya kahawia. Hayo ni ya kutia kidogo mwishoni mwa mapishi. Kukaanga mahamri karai zima kwa mafuta ya simsim ambayo hayajasafishwa kiwandani naona ni kuyapoteza, na kurudia rudia mafuta yale yale kwenye moto si salama kwa aina yoyote. Ukimpikia mgeni, muulize kwanza, kwani wapo watu ambao simsim huwadhuru, tena vibaya.

Kuhusu nazi nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Nimelelewa kwa tui na sitaliacha. Lakini siku hizi mafuta ya nazi yanauzwa kama dawa ya kila ugonjwa, watu wanayanywa kwa vijiko asubuhi. Hayo mafuta yaliyoshiba niliyoyataja ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwenye chakula kwa siku. Mwenye tatizo la moyo au lehemu (kolesteroli) asiongeze kijiko juu ya tui. Paka mwilini, paka kwenye nywele, mkande mtoto, na pikia kwa kiasi.

Ukiyapeleka Nairobi, mweleze mnunuzi mapema kwamba yataganda. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za joto, kwa hiyo Lamu ni maji karibu mwaka mzima na kule juu huwa meupe kama samli. Wateja wangu wamewahi kunipigia simu wakidhani yameharibika.

Sasa sabuni, na hapa ndipo nazi inaposhinda zote. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa na chumvi. Anayeogea maji hayo anajua: sabuni nyingi za dukani hazitoi povu, zinaacha utando mweupe kwenye ndoo. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Kwa miaka mingi mabaharia walitumia sabuni ya nazi kwa sababu hiyo. Lakini ikiwa nazi tupu hukausha ngozi, ndiyo maana naichanganya na simsim.

Kipimo changu ni gramu 700 za mafuta ya nazi na gramu 300 za simsim. Kilo moja ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda ili igeuke sabuni yote, na kilo ya simsim takriban gramu 134. Ukipiga hesabu ya mchanganyiko huo utapata gramu 168. Mimi natia 160, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na yailainishe ngozi. Maji ni gramu 350, ya mvua au ya mfereji, si ya kisima cha chumvi. Pima kwa mizani ya dijitali. Kikombe na kijiko si vipimo vya soda.

Tia soda ndani ya maji, kamwe usitie maji juu ya soda, maana huchemka na kuruka usoni. Vaa glavu na miwani, fanyia nje, watoto wawe mbali. Usitumie sufuria ya alumini, na sufuria zetu nyingi ni alumini. Soda huila na kutoa gesi inayowaka. Ndoo ya plastiki ngumu inatosha. Vyote vikishapoa kiasi cha kushikika kwa nje, mimina maji ya soda kwenye mafuta na ukoroge mpaka yawe mazito kama uji, uyatie kwenye kalibu. Kata kesho yake, kwani sabuni ya nazi ikichelewa huwa jiwe na kumeguka. Iache wiki nne kwenye hewa kabla ya kuitumia.

Ule utando mweupe wa kwenye ndoo una jamaa yake huko Matondoni, ambako majahazi bado yanaundwa kwa mkono. Nilimkuta mzee mmoja akipaka deheni chini ya ngalawa, chokaa iliyopondwa na mafuta, anaisugua kwa kiganja mpaka ubao unakuwa mweupe.

“Ami,” nikamuuliza, “chokaa hii bahari haiichukui?”

“Ikishashikana na mafuta haichukuliki, mwanangu. Ila usikubali mtu aipunguze mafuta, itabanduka yote.”

Kikemia, ami alikuwa anatengeneza sabuni. Mafuta yakikutana na soda huzaa sabuni inayoyeyuka, yakikutana na chokaa huzaa sabuni isiyoyeyuka majini, na hiyo ndiyo inayozuia maji na wadudu wanaotoboa mbao. Maarifa hayo yamekaa pwani hii bila maabara, na mimi nayaheshimu kuliko rangi nyingi za kopo. Ukiwa na kidau, usiyaache.

Naitaja sabuni pia kwa sababu ya historia. Karne ya 19 simsim ya pwani yetu ilipita Zanzibar ikapakiwa kwenda Marseille, Ufaransa, ikawa sabuni na mafuta huko. Malindi ya wakati ule ilikuwa mashamba makubwa ya nafaka na simsim, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Waliolima hawakuonja faida, na waliosindika walikuwa ng'ambo. Leo hakuna anayetulazimisha kupeleka punje ghafi, na bado tunapeleka.

Kwa milango na samani ushauri wangu ni mfupi. Nimeona milango mizuri ya nakshi ikipakwa mafuta ya nazi ili ing'ae siku mteja anapokuja. Inang'aa kweli. Lakini mafuta hayo hayakauki, vumbi la mitaani linanasa kwenye nakshi, na ikifika mvua kuvu inaota. Tumia mafuta ya kitani, utie kidogo kidogo, ufute yanayobaki, ungoje yakauke ndipo upake tena. Kukauka kwake ndiko kulikompa Frederick Walton wa Uingereza linoleamu ya sakafuni, aliyoisajili miaka ya 1860. Ila kuna hatari moja: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto. Kitandaze nje kikauke, au kizamishe kwenye ndoo ya maji. Katika mji wa nyumba zilizobanana kama huu, na makuti yale juu ya mapaa, hilo si la kupuuza. Mafuta ya nazi waachie mbuzi wa kukunia, miiko, vyano na upawa. Hapo yanafaa, maana hayachachi upesi na yanalika.

Mashudu sasa. Hayo makapi magumu ya simsim yana protini nyingi na mafuta kidogo yaliyobaki. Kuku na mbuzi huyapenda. Wape kwa kiasi, ukiyachanganya na chakula kingine. Yakaushe siku ile ile, kwa sababu kwa unyevu wetu huota kuvu upesi, na yaliyoota kuvu usimpe mnyama yeyote. Vivyo hivyo kwa mbata, yaani nazi kavu: iliyoota kuvu usiikamue kwa chakula.

Mbarika, yaani mnyonyo, ni habari nyingine. Mafuta yake yana thamani kubwa viwandani. Ndiyo malighafi ya nailoni 11, plastiki imara inayotengenezewa mabomba ya mafuta ya magari. Lakini mashudu ya mbarika yana sumu kali, na mnyama akila anaweza kufa. Mtu akija kukushawishi upande mbarika au mbono (jatrofa), muulize nani atanunua, kwa bei gani, na mkataba uko wapi. Watu wa Malindi wanakumbuka mpango wa kufyeka msitu wa Dakatcha kupanda jatrofa kwenye hekta 50,000 kwa ajili ya mafuta ya mitambo. Wanakijiji na wahifadhi waliupinga, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikaukataa. Nilifurahi. Simsim ikikosa mnunuzi, utaila. Jatrofa huwezi kuila.

Kwa anayetaka kuanza: usikimbilie kununua mashine. Tafuta aliye nayo, mlipe akukamulie gunia moja, na mashudu yabaki yako. Kubalianeni hilo mapema, kwani wengine huyachukua kimya kimya kama sehemu ya malipo. Andika tarehe ya kukamua kwenye kila chupa. Anza na majirani, akina mama wanaokanda watoto, na majiko ya nyumba za wageni za Shela. Kabla ya kupeleka dukani, shughulikia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na leseni ya kaunti. Ukiona chupa zinaisha kila mwezi kabla hujatangaza, jiungeni watu watatu au wanne mnunue mashine moja, na mmoja wenu awe anajua kuifungua na kuisafisha kila jioni.