Jibu kwa mama wa Katuba, Lubumbashi

Mama, umeuliza kama umpeleke baba wa watoto mbele ya hakimu kwa sababu, tangu mtengane, anafanya kazi Kolwezi na anataka watoto wamfuate huko likizo nzima, huku nawe ukikataa mpaka alipe pesa za masomo. Kwa maoni yangu, anzeni na mpatanishi ambaye nyote wawili mnamkubali, na asiwe shangazi wala mjomba ambaye amekwisha kuchagua upande. Kazi yake si kutafuta nani aliharibu ndoa. Awasikilize kila mmoja peke yake kwanza, kisha awakalishe pamoja kuzungumzia watoto tu. Tenganisheni pesa na ziara, kwani mtoto akizuiliwa kumwona baba kwa ajili ya deni, anayeadhibiwa ni mtoto. Mkikubaliana, andikeni waziwazi tarehe za kwenda na kurudi, nani anawasindikiza barabarani Lubumbashi hadi Kolwezi, nani analipa nauli, na pesa za masomo zinalipwa kwa nani na lini, kisha wote mtie sahihi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inatanguliza maslahi ya mtoto na inampa yule mwenye utambuzi, yaani anayeweza kuelewa na kupima mambo, haki ya kutoa maoni yake, kwa hiyo mtoto wenu mkubwa aulizwe, bila kulazimishwa kuchagua mzazi. Lakini ikiwa alikupiga au anakutisha, usikubali kukalishwa naye chumba kimoja. Hapo nenda moja kwa moja kwa hakimu.