Mbwa, kamba na Karura: maswali yenu ya wiki hii

Mbwa wangu ni mpole sana, hajawahi kuuma mtu. Kwani lazima nimfunge kamba msitu wa Karura, hapa Nairobi? (Runda)

Lazima. Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka na kila mara linakuja na huo upole, sasa nani amesema mbwa wako ni mkali? Kamba ni ya pongo na paa wanaoishi mle, ni ya mtoto anayeogopa mbwa, ni ya yule wa baiskeli anayetokea kwa kona bila kengele. Juzi kwenye njia ya kuteremkia maporomoko nimeona Rottweiler amefunguliwa "dakika mbili tu", pongo akachomoka kichakani, mbwa akamfuata wakapotelea huko, mwenyewe akabaki anapiga miluzi kamba ikining'inia mkononi. Alipopatikana sikio limechanwa na miiba na anatetemeka mwili mzima. Huu msitu Wangari Maathai alipigwa mpaka kichwa kikatoka damu, Januari 1999, akienda kupanda miti ndio usikatwe viwanja. Tafadhali tuuheshimu. Na kamba iwe fupi, mita moja na nusu hivi, hizo za kujirefusha zinasokota miguu ya watu.

Nairobi National Park je? (South B)

Hapana. Mbwa haingii, hata akikaa ndani ya gari.

Mavi niokote na nini na plastiki ilipigwa marufuku? (Kileleshwa)

Gazeti kuukuu, ama mfuko wa kaki, halafu unatoka nayo. Mifuko ya plastiki iliisha 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa misitu na mbuga, kwa hivyo hata ile chupa ya maji ya dukani iache nyumbani, beba ya chuma na kabakuli ka mbwa. Asinywe maji ya mto, mito yetu mnaijua. Na wale wa kusukumia mavi kichakani na kiatu, minyoo ya mbwa wako unamwachia nani?

Baada ya kutembea amekuwa mnyonge, siku ya tatu sasa hali chakula, ni uchovu tu? (Kasarani)

Uchovu wa siku ya tatu? Hapana bana, mpeleke kwa daktari leo, usingoje wikendi. Inua mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe, ama mkojo una rangi ya chai ya rangi, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe na inaua haraka. Siku zote mkifika nyumbani pitisha vidole polepole nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia, ukigusa kitu kama punje ya dengu hiyo ni kupe, mshike na kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja. Mafuta ya taa hapana, kiberiti hapana. Dawa ya kupe apewe kabla ya kuingia msituni, si baada.

Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata akiwa mtoto, inatosha? (Umoja)

Haitoshi, ni kila mwaka. Kabla hajachomwa hiyo ingine kaeni nyumbani.