Kukodi shamba la mboga Lushoto: bei iulize mwisho

Kila anayenipigia kutoka Dar huanza na swali lilelile: ekari Lushoto inakodishwa shilingi ngapi? Ndugu yangu, ekari ipi? Huku Usambara, ekari ya bondeni kando ya mto inatoa kabichi na karoti hata vuli ikishakatika. Ya mlimani inangoja masika ya Machi hadi Mei, na mvua ikigoma, umelima vumbi.

Kwa hiyo panda ukalione shamba wakati wa kiangazi. Muulize mwenye shamba zamu yake ya maji ni lini, na nani yuko juu yake kwenye mfereji, kwa sababu wa chini hupata kilichobaki.

Kisha tazama mteremko. Ukikuta mizizi ya miti iko nje na udongo mweusi umerundikana mpakani chini, jua rutuba imeshahamia kwa jirani. Mimi napenda shamba lenye makinga maji, yaani matuta yanayokatiza mteremko, yaliyopandwa majani ya Guatemala: yanashika udongo, na ng'ombe wa zizini wanakula. Usiyang'oe ili uongeze mstari wa viazi. Ila ukitaka kuchimba matuta mapya, ongea na wazee kwa adabu. Wasambaa waliwahi kulazimishwa matuta na Mwingereza miaka ya 1950, wakayakataa.

Njia nayo usiidharau. Kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto mjini ni lami, kona tupu lakini gari linapita. Shida ni kutoka shambani hadi lami: masika, utelezi unaweza kukuachia nyanya zikiozea kwenye matenga. Na dalali anajua hivyo. Atakuja na lumbesa, gunia lililovishwa kilemba cha wavu juu, alilipe kama gunia moja wakati sheria inataka lisizidi kilo 100. Kubalianeni kipimo kabla hujavuna, siyo gari likiwa linaunguruma.

Mkataba andikianeni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na ndugu wa mwenye shamba wawepo, maana mashamba mengi ni ya ukoo. Muda uandikwe "hadi mavuno yaishe", si tarehe tu. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha kabichi kufunga, na mwenye shamba asije akakudai shamba lake zikiwa bado majani matupu.