Mkono ukipooza baada ya ajali, usiache kiwiko kikakaa bure

Mishipa ya fahamu inayoendesha bega, mkono na vidole hutoka shingoni kwa mizizi mitano. Ukianguka na pikipiki ukatua kwa bega, mizizi hiyo inaweza kunyofoka kwenye uti wa mgongo, mkono ukabaki unaning'inia. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Ukipatwa na hili, wahi kwa bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu. Kuunganisha mishipa hiyo au kuhamishia mingine mahali pake hufaa zaidi ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Mshipa hukua taratibu, takribani milimita 1 kwa siku, na msuli uliokosa fahamu kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hunyauka, hauamki tena hata ukifikiwa.

Kwangu muda huo ulishapita nilipompata daktari anayeijua kazi hii. Kilichobaki ni kuhamishiwa msuli hai kutoka sehemu nyingine ya mwili, ili ukunje kiwiko. Walichukua grasilisi, msuli mrefu mwembamba wa ndani ya paja, wakautoa pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu, wakaupandikiza kuanzia begani hadi chini kidogo ya kiwiko. Mishipa ya damu wakaiunganisha kwa msaada wa hadubini, na mshipa wa fahamu wakauunganisha na ile ya mbavuni. Wengi huogopa kupoteza mguu. Paja lina misuli mingine inayofanya kazi ileile, nami natembea vizuri.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: msuli mpya hauwezi kukunja kiwiko kilichokakamaa. Miezi yote ya kusubiri upasuaji, kunja na kunyoosha kiwiko, zungusha kiganja, fungua vidole kimoja kimoja kwa mkono wako mwingine ulio mzima au kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Fanya kila siku, hata unapoona mkono haujibu chochote.

Baada ya upasuaji, siku za kwanza wauguzi hurudi mara kwa mara kutazama rangi na joto la kipande cha ngozi kilichohamishwa pamoja na msuli, kwani mshipa wa damu ukiziba, msuli hufa. Sigara ni marufuku kabisa. Nikotini hubana mishipa. Kiwiko hufungwa kikiwa kimekunjwa kwa wiki kadhaa ili mshono usivutike.

Halafu huja miezi ya kimya, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kuacha mazoezi. Usiache. Mimi nilikuwa naweka vidole juu ya msuli, navuta pumzi kwa nguvu, nasikiliza. Siku moja ukacheza chini ya ngozi, kidogo tu, pumzi ilipoingia. Mshipa wake wa fahamu umetoka mbavuni, kwenye misuli ya kupumua, kwa hiyo mwanzoni unakunja mkono kwa kuvuta pumzi. Ubongo hujifunza polepole kuutenga na kifua.

Maumivu ya kuungua na kupigwa shoti hayaondoki kwa upasuaji huu. Mwambie daktari, zipo dawa mahsusi za maumivu ya mishipa ya fahamu.

Leo nabana begi kifuani kwa mkono huo huku mwingine ukifungua zipu. Vidole havishiki kalamu. Kabla hujakubali, mwombe daktari akutajie waziwazi mkono utafanya nini na hautafanya nini, na umuulize nani atasimamia mazoezi ukishatoka hospitali.