Maswali ya wasomaji: Tangi la maji moto linavuja, ninunue hita ipi?

SWALI: Ndugu mhariri, hita yetu ni ya tangi la lita 80 na ina miaka 11. Siku hizi inadondosha maji kwa chini, na maji moto yanatoka na rangi ya kutu. Fundi wa kwanza anataka kubadilisha koili. Wa pili ananishauri ninunue hita ya papo hapo, isiyo na tangi, kwa kuwa eti haili umeme. Tuko wanne, mimi na wanangu watatu. Nimfuate nani?
– Mama wa Watatu

JIBU: Mama, usimfuate yeyote kabla hujajua maji yanatokea wapi. Zima hita kwenye breka lakini usifunge maji, presha ibaki. Kausha gamba lake na viungo vyote kwa kitambaa, halafu zungushia tishu kwenye kila kiungo. Rudi baada ya nusu saa. Tishu ikilowa kwenye maungio ya bomba, ni kazi ndogo ya kufunga upya kwa tepu ya kuzungushia uzi wa bomba. Ikilowa pale koili inapoingilia, gasketi, yaani mpira wa kuziba, imechoka. Lakini tishu zote zikiwa kavu na maji bado yanachuruzika chini ya gamba, basi tangi lenyewe limetoboka ndani ya sponji inayolizunguka kuhifadhi joto. Hapo hakuna dawa, wala koili mpya haisaidii kitu.

Kutu nayo ipime. Fungua bomba la maji baridi pekee, kinga kwenye glasi nyeupe, kisha fanya hivyo kwa maji moto. Baridi yakiwa safi na moto yana kutu, chuma kinaliwa ndani ya tangi, au kwenye mabomba ya chuma ya maji moto kama mnayo.

Na kwa nini limeliwa? Matangi mengi ya chuma hupakwa ndani utando wa enameli, mgumu kama kioo, nao haukosi nyufa ndogondogo. Ndiyo maana ndani huwekwa anodi, fimbo ya magnesiamu inayokubali kuliwa na maji badala ya chuma. Fimbo ikiisha, zamu ya tangi inafika. Wenye hita wengi hawajui kama fimbo hiyo ipo, na kwetu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, maana tangi jipya litakufa kifo kilekile cha lile la zamani. Ifungue ukague baada ya miaka 2, au kila mwaka kama maji yenu yana chumvi. Ukiona waya wa katikati umebaki uchi, fimbo imekwisha, weka nyingine. Kwa hiyo unaponunua, muulize muuzaji: anodi inatokea upande gani, na ya akiba inapatikana? Kisha mwambie fundi aache nafasi ya kuichomoa. Hita iliyobanwa juu ya kabati haitakaguliwa kamwe.

Tuje kwenye hiyo ya papo hapo. Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji joto lilelile, tangi liwepo lisiwepo. Unachookoa ni lile joto linalopotea tangi likiwa limekaa na maji moto bila kutumika. Gharama nyingine iko ukutani. Maji ya lita 6 kwa dakika yakipandishwa nyuzi 20 tu yanataka takriban kilowati 8.4, yaani ampia 36 na zaidi kwa umeme wa volti 230. Koili ya tangi ya kilowati 2 inavuta ampia 9 hivi, na kawaida imefungiwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Ukiunganisha hita ya papo hapo kwenye waya huo, unapika waya. Siku ya kwanza unaweza usione kitu. Baada ya wiki kadhaa harufu ya plastiki inaanza kutoka kwenye swichi. Inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye ubao wa breka, kwa kawaida waya wa milimita 10 za mraba, breka yake, na ulinzi wa kukata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Mwite fundi umeme athibitishe pia kama umeme unaoingia nyumbani unahimili mzigo huo.

Sasa hesabu ya maji. Bafu linalotoa lita 8 kwa dakika, mtu akioga dakika 6, ni lita 48 za nyuzi 40. Wanne ni lita 192. Tangi la lita 80 lenye nyuzi 60, likichanganywa na maji baridi ya nyuzi 20, kwa karatasi linatoa lita 160. Hesabu 130, kwa sababu maji baridi yanaingia chini na kupoza yaliyobaki. Wawili wataoga vizuri, wa tatu atashika mwisho wake, wa nne atasubiri. Mkioga wote kwa wakati mmoja, chukua tangi la lita 120. Au badilisha kichwa cha bafu kiwe cha lita 6 kwa dakika, kila mtu aoge dakika 5: ni lita 120 tu, na tangi la 80 linatosha. Sisi tungeanza na kichwa cha bafu. Koili ya kilowati 2 italipasha tangi hilo lote kwa muda usiofika saa 2, ikila karibu uniti 3.7.

Pima na ukuta. Tangi la lita 80 likijaa linapita kilo 100, na matofali yenye matundu hayashiki skrubu za kawaida. Tumia bolti zinazopenya hadi upande wa pili.

SWALI: Hita mpya inadondosha maji kwenye vali ya usalama kila inapowaka. Fundi anataka kuiziba. Sawa?
– Mpangaji

JIBU: La hasha. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 yanatanuka kama asilimia 1.5; kwa lita 80 ni zaidi ya lita 1, na lazima yatokee mahali. Ukiziba, presha inabaki ndani ya tangi, na tangi linaweza kupasuka. Iwekee vali hiyo bomba dogo lililo wazi linaloelekea kwenye mfereji. Ikidondosha hata hita ikiwa baridi, nyanyua kikono chake mara mbili tatu kusukuma mchanga uliokwama. Isipoacha, pima presha ya maji. Pengine unahitaji kipunguza presha kwenye bomba linaloingia.

SWALI: Tangi letu la maji liko juu ya dari, mita 2 kutoka bafuni. Hita ya papo hapo haiwaki kabisa. Ni mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima. Kila mita 1 ya kimo inatoa presha ya bar 0.1, kwa hiyo unayo bar 0.2 tu kabla ya kupoteza nyingine kwenye kona za bomba. Ndani ya hita kuna swichi inayosubiri msukumo wa maji, na usipotosha haiwashi koili. Soma kwenye kibandiko presha ya chini inayotakiwa. Pandisha tangi, weka pampu ndogo, au chukua hita ya tangi inayokubali presha ndogo.

SWALI: Koili mpya imeungua siku ileile ilipofungwa. Kwa nini?

JIBU: Mara nyingi iliwashwa ikiwa kavu. Fungua kwanza bomba la maji moto, kisha maji yanayoingia kwenye hita, na usubiri hadi bomba litoe maji mfululizo bila kutema hewa. Ndipo uwashe. Koili ya kilowati 2 ikiwa nzima husoma takriban omu 26 kwenye mita ya kupimia ukinzani wa umeme, waya zake zikiwa zimechomolewa. Isiposoma chochote, imekatika.