Anayedaka bila kupiga mbizi hapigiwi makofi

Jumamosi iliyopita nimerudi nyumbani hata ugali sikuutaka. Timu ya vijana ya kwenda Dar imetajwa, majina 15, na dogo wangu hayumo. Nasema wangu ila sio wa kumzaa, ni chalii tu wa Kibosho ambaye nimekuwa nikimfundisha besiboli hapa Moshi huu mwaka wa 3 sasa, ana miaka 16 na akiingia kwangu lazima ainame mlangoni, wenzake wanamwita Mlingoti na yeye anaitika tu. Nikamfuata mmoja wa wachaguaji nikamuuliza kwa heshima kabisa, shikamoo mzee, samahani, huyu kijana kakosea wapi? Akanijibu, "Mrefu mno huyo kwa shotstopu, mlete besi ya kwanza tutamwangalia. Halafu sijaona akifanya kitu cha kunishtua."

Hilo la kutokushtua ndo limeninyima usingizi.

Mnaocheza mnajua, ila kwa wageni kidogo: shotstopu ni yule anayesimama kati ya besi (vile vituo vya kukimbilia) ya pili na ya tatu, mipira ya kutambaa mingi inaelekea kwake, na akishaudaka lazima aufikishe besi ya kwanza kabla mpigaji hajamaliza mita 27 na kitu za kukimbia. Wakimbiaji wazuri wanazimaliza kwa sekunde 4 na pointi. Kwa hiyo ukiukosa kidogo tu, au ukiuchezea kwenye glavu, jamaa kashafika.

Sasa niwaambie kwa nini imeniuma namna hii, maana sio kwa ajili ya dogo peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa mlingoti. Kidato cha tatu nilikuwa nawapita walimu wote isipokuwa mmoja, na mchezo huu nilikuwa naupenda mpaka nikaenda Memorial kwenye mitumba kutafuta glavu yangu, nikapata moja ngozi safi kabisa kwa elfu tatu, nikalala nayo. Kesho yake uwanjani ndo naambiwa hii ni ya mashoto, inavaliwa mkono wa kulia. Nilicheka na wenzangu ila moyoni nilitaka kulia, nikaivaa hivyohivyo kinyumenyume mwezi mzima mpaka dole gumba likavimba. Na nilikuwa shotstopu mzuri, najisifu ndio, nani atanisifu sasa? Mipira ya upande wangu ilikuwa haipiti. Siku moja kaja kocha mpya, hajaniona nikidaka hata mpira mmoja, kaniangalia toka miguuni mpaka kichwani akasema wewe besi ya kwanza, urefu huo ni wa kupokea. Basi. Miaka miwili nikapokea mipira ya wenzangu kama karani wa posta, halafu nikaacha.

Turudi kwa Mlingoti. Kwenye mechi ya mchujo kuna mpira mmoja nitausimulia mpaka nizeeke. Mpigaji anatumia mkono wa kulia, ana nguvu, wote tunajua anapenda kuvutia upande wa besi ya tatu. Mimi niko pembeni namwangalia dogo, simwangalii mrushaji. Kacha wa timu ya dogo, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kahamisha glavu yake nje, mbali na mpigaji, yaani mpira utarushwa huko. Dogo kaiona. Hajasogea bado, maana ukisogea mapema mpigaji naye anakusoma, kasubiri mpaka mguu wa mrushaji umenyanyuka ndo akachapa hatua mbili kushoto kwake kuelekea besi ya pili, kimyakimya kama mtu anayetafuta kivuli. Mpira wa nje ukipigwa na mtu wa mkono wa kulia mara nyingi hauendi kule anakopenda, unaelekea katikati. Na kweli ukaja pale katikati, wa chini, mkali, ukagonga kajiwe (uwanja wetu mnaujua, ukitoka hujachubuka ujue hukucheza), ukaruka kifuani, dogo kaukumbatia, kaurusha, jamaa yuko nje hata theluthi ya njia imebaki.

Hakuna aliyepiga makofi. Jirani yangu akasema, "Bahati, umemfuata mwenyewe." Umemfuata! Mpira una macho?

Kipindi cha tano shotstopu wa upande wa pili, kijana mfupi mwepesi, kapigiwa mpira rahisi kuliko ule. Kachelewa kuusoma, akaanza baadaye, ikabidi apige mbizi, kajaa vumbi mpaka masikioni, kamtoa mtu kwa kubahatisha. Uwanja mzima ukasimama. Na huyo ndo kaenda Dar. Simchukii, kijana ana bidii, ila alipiga mbizi kwa sababu alichelewa, na kuchelewa ndo kumempa nafasi.

Haya sio ya Moshi peke yake. Cal Ripken wa Baltimore Orioles, kule Marekani, alikuwa na sentimita 193, na mwaka 1982 kocha wake Earl Weaver alipomtoa besi ya tatu akamweka shotstopu, nafasi ile ilihesabiwa kuwa ya wafupi wepesi. Hakuwa na mbio. Alichokuwa nacho ni kujua mrushaji wake anatuma nini, na mpigaji huyu anapiga wapi, halafu anakwenda kusimama hapo mapema. Mwaka 1984 alikuwa na asisti 583, yaani mipira aliyomrushia mwenzake mtu akatolewa. Mwaka 1990 kacheza mechi 161 na makosa 3 tu, matatu jamani, msimu mzima! Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mdakaji bora, ya mwaka huo kwenye nafasi hiyo katika ligi yao akapewa Ozzie Guillén. Ripken akaja kuipata 1991 na 1992. Sikatai kuna warefu wamehamishwa, Oneil Cruz wa Pittsburgh ana kama mita 2 na mwaka 2024 walimtoa shotstopu wakampeleka nyuma kabisa ya uwanja, pale katikati. Lakini walimwacha adake kwanza wakamwona, hawakumpima kwa futi ya fundi.

Kwa hiyo we mdogo wangu mrefu unayesoma hapa, na wako wengi wananiandikia, sikiliza. Msome kacha. Usiangalie mpira, mpira utauona tu, angalia glavu ya kacha inakaa wapi. Na nyonga chini. Wanaposema warefu hawainami wana hoja kidogo, mimi mwenyewe nilikuwa nakunja mgongo badala ya magoti na mipira ilinipita katikati ya miguu. Mlingoti anakamua ng'ombe wawili kila alfajiri kabla ya shule, anachuchumaa kwenye kigoda kile kifupi, ndo maana nyonga zake ziko hivyo, sikumfundisha mimi. Huna ng'ombe? Tafuta kigoda. Halafu msome kacha, narudia.

Na nyie wazee wetu mnaochagua, shikamooni, ila kaeni basi nyuma ya shotstopu siku moja badala ya kukaa kwenye kivuli cha besi ya kwanza, mtazame miguu kabla mpira haujapigwa. Mtoto anayewafanya mseme "rahisi tu" mara 6 kwenye mechi moja, jiulizeni kwa nini kwake kila kitu ni rahisi.

Nikiri kitu. Usiku ule wa Jumamosi nilishaamua nimpeleke besi ya kwanza, ili mradi achaguliwe mwakani, bora aende Dar kuliko mimi nishinde ubishi. Jumanne kaja mazoezini mikono bado inanuka maziwa, nikamwambia leo jaribu besi ya kwanza kidogo tuone. Akaniangalia. Hakujibu kitu, akachukua glavu yake akaenda kusimama palepale pa siku zote, akaanza kuokota vijiwe.