Maswali ya Wasomaji: Kangaruu na siri ya kuruka bila kuongeza jasho

SWALI: Nimesoma kwamba kangaruu akiongeza kasi hatumii nishati zaidi. Je, jambo hilo halipingani na kanuni kwamba nishati haizuki kutoka mahali pasipo na kitu?

JIBU: Ulichosoma ni kweli. Mwaka 1973 watafiti Terence Dawson na Richard Taylor walichapisha matokeo ya kupima oksijeni, ambayo huonyesha nishati mwili unayotumia, iliyotumiwa na kangaruu wekundu waliofunzwa kuruka juu ya mashine ya kukimbilia. Kwa wanyama wengi wakimbiao, matumizi ya oksijeni hupanda kadiri kasi inavyopanda. Lakini kangaruu hao walipokwisha kuanza kuruka, matumizi yao hayakupanda tena, bali yalishuka kidogo, hadi kwenye kasi ya takriban kilomita 22 kwa saa.

Hata hivyo kanuni uliyoitaja haivunjwi. Mnyama anapotua, sehemu kubwa ya nishati ya kuanguka kwake huvuta kano ndefu za nyuma ya mguu, hasa ile ya kisigino, nazo zinaporejea urefu wake wa kawaida humrusha juu upya, kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Misuli hulazimika kukaza ili kano zipate kuvutika, lakini kukaza bila kufupika sana hugharimu kidogo kuliko kufanya kazi yote ya kuuinua mwili. Tena kangaruu haongezi kasi kwa kuzidisha sana idadi ya miruko kwa dakika. Huirefusha, na kadiri mguu unavyotua kwa nguvu, ndivyo kano inavyohifadhi na kurudisha nishati nyingi zaidi. Hata pumzi hufuata mdundo huohuo, pumzi moja kwa kila mruko.

Nafuu hiyo ina mipaka, na nadhani hapo ndipo wengi hukosea wanapoisifu. Anapokwenda polepole akila majani, chini ya kilomita 6 hivi kwa saa, kangaruu hajui kutembea kwa gharama nafuu: huegemea miguu ya mbele na mkia huku akiivuta ya nyuma, na mwendo huo humla nguvu nyingi. Mkia si wa kujishikiza tu, kwani vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 vilionyesha kwamba humsukuma mbele kwa nguvu inayolingana na ile ya miguu yote minne kwa pamoja. Wanyama warukao walio wadogo sana nao hawafaidiki vivyo hivyo, kwa sababu kano zao ni nene mno kwa uzito wao na hazivutiki vya kutosha.

Kinachonistaajabisha zaidi ni habari za walabi, ndugu wadogo wa kangaruu. Walipopimwa wakiwa wamebeba mzigo mfukoni, mahali anapokaa mtoto, oksijeni waliyotumia wakiruka haikuongezeka: uzito uleule uliozidi uliivuta kano zaidi, nayo ikaurudisha katika mruko uliofuata.